Kadi ya mchango imerudishwa kwa sababu ya "Bw. & Bi.", hivi mke wa mtu tunamwandikaje?

#1 FundiKadi_Moro

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina duka la stesheneri hapa Morogoro mjini, kazi inayoniweka mjini ni kadi, za mchango, za mwaliko, sendofu, kipaimara, zote. Nimeanza 2009 na printa ya kuazima. Utaratibu wetu ni kwamba katibu wa kamati analeta orodha ya majina, mara kwenye karatasi mara kwa WhatsApp, mi nachapa jina juu ya ule mstari wa vitone, nafunga kwa lastiki wanakuja kuchukua. Miaka yote hiyo lile neno linalokaa kabla ya jina sikuwahi kulifikiria, mpaka wiki hii.

Ilikuja orodha ya kadi 214 za mchango. Katibu kaandika "Bw. & Bi." halafu jina la ukoo la mume, nikachapa kama lilivyo. Juzi asubuhi kaja mama mmoja dukani na kadi mkononi, hajafoka wala nini, kaiweka juu ya meza taratibu akasema "mwanangu hii kadi si yangu". Nikamwambia mama mbona hili ni jina la mzee wako. Akasema mimi nimesoma na mama yake bibi harusi tangu darasa la kwanza, bweni tumelala kitanda kimoja, nimefundisha miaka 31 na mji huu wananijua kwa jina langu, mume wangu hao wenye harusi wamemuona labda mara mbili, sasa kwenye kadi hii mimi niko wapi, ndio hizi herufi mbili?

Akaweka kidole kwenye ile "Bi."

Wakuu sikuwa na jibu. Nimekaa na ile kadi siku nzima.

Na kwenye orodha hiyohiyo kuna mama mwingine, mumewe kafariki mwaka juzi. Mnajua kadi zetu huwa tunagonga SINGO au DABO, maana yake inaingiza mtu mmoja au wawili, ni mambo ya viti na sahani tu. Yake ikagongwa SINGO. Binti yake ndio alinipigia, akasema mama kaiangalia kadi kaingia chumbani hajatoka mpaka magharibi. Harusi iliyopita ukumbi huohuo aliingia kama Bw. & Bi.

Sasa msimamo wangu mimi baada ya kuumia ni huu. Kiswahili chetu tayari kina kitu kizuri ambacho tunakiharibu wenyewe. Bw. na Bi. hazimuulizi mtu kama kaoa au kaolewa. Waingereza ndio wana Miss na Mrs, mwanaume ni Mr tu tangu anabalehe mpaka anazikwa lakini mwanamke lazima ajieleze kwanza yuko chini ya nani, na cha ajabu zote mbili, Miss na Mrs, zimetoka kwenye neno lao moja la zamani, mistress, mwanamke mwenye mamlaka ya nyumba. Sisi "Bi." inamtosha mwanamke aliyeolewa, asiyeolewa, aliyeachika, mjane, wote. Shida tumeichukua Bi. tukaigeuza iwe tafsiri ya Mrs, tukafuta jina la mwanamke tukabandika la mume.

Naomba mnisaidie. Huko kwenu mke wa mtu anaitwaje, anaandikwaje, na yeye mwenyewe anapenda nini? Nataka nibadilishe ninavyochapa.

#2 Konda_Mstaafu

Mkuu pole. Mi nimekuwa konda wa daladala Dar miaka 9, Mbagala Kariakoo, naongelea kuita kwa mdomo maana huko sina pa kuuliza, gari imejaa, mtu anashuka, inabidi uchague sekunde hiyohiyo. Mwenye mtoto mgongoni ni mama, hapo hakuna ubishi. Mtu mzima wa rika la mama yangu ni mama. Tatizo ni hapo katikati, miaka 28 mpaka 40 hivi. Ukimwita mama anaona umemzeesha, ukimwita dada na kumbe ana pete na anakwenda ukweni kavaa kitenge anaona hujamheshimu. Anti nayo wengine wanaipenda wengine wanaona kama unawataka.

Nilichojifunza ni kwamba heshima haikai kwenye neno peke yake, inakaa kwenye sauti. "Dada yangu samahani naomba nauli" hakuna aliyewahi kunigombeza. Lakini "we mama hela" nimetukanwa hadi na abiria wasiohusika.

#3 BintiNgambo

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nimesoma post ya kwanza nikasema hii mbona kwetu haipo kabisa, au tuseme ilikuwa haipo, maana siku hizi hata huku vijana wanachapisha Mr & Mrs kwenye keki.

Kwetu mwanamke akiolewa jina halisogei. Wewe ni fulani binti fulani, umezaliwa hivyo utakufa hivyo, mume anakupa mahari na nyumba na kula, hakupi baba mpya. Ndio mafundisho ya dini tuliyokulia nayo, mtu anasibishwa na baba yake. Tizameni Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, Suluhu ni baba yake, na mumewe ni Hafidh Ameir, na hakuna hata siku moja mtu wa huku kauliza kwa nini haitwi kwa jina la mume, hata halitupitikii.

Kwa hiyo kuita ni Bi na jina lake mwenyewe. Bi Asha, Bi Zuhura. Msichana mdogo huwezi kumwita Bi, utamwita jina lake tu au mwanangu, akishaolewa na kutulia nyumbani kwake ndio watu wanaanza taratibu, Bi fulani, Bi fulani. Kwa hiyo ndoa inaonekana kwenye hiyo Bi, ila jina la mume halionekani popote. Hapo FundiKadi nakusahihisha kidogo, kwenye kuandika Bi. haiulizi ndoa lakini kwenye midomo ya watu huku inaambatana nayo, na umri pia.

Na jamani haya maneno ya heshima yana uzito wake. Siti binti Saad tunayemjua wote, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni neno la Kiarabu la kumtukuza mwanamke, alipewa alipokuwa mwimbaji, na likakaa likawa ndilo jina, mpaka kufa kwake 1950 na mpaka leo. Mtu katoka Mtumwa kawa Siti! Bi Kidude naye, jina lake khasa Fatuma binti Baraka, ukimtaja bila ile Bi ya mbele Kidude peke yake inakuwa tusi, ukiiweka inakuwa heshima ya mji mzima.

Zamani zaidi kulikuwa na "Mwana", Mwana Kupona, Mwana Khadija, hiyo ilikuwa ya mabibi wakubwa wa Pate na Lamu. Bibi yangu mzaa mama aliitwa na wajukuu wa jirani Mwana Aisha, na naona kafa nayo.

#4 Kisauni_Boy

Salama wadau. Mimi niko Mombasa na nataka kuongeza jambo moja ambalo huwachanganya sana watu wa bara na watu wa Tanzania.

Huku Kenya mtu akisema "bibi yangu" anamaanisha mke wake. Nyanya ndiye mama yake mama. Nilikwenda Tanga kwa shughuli ya mazishi nikamwambia mwenyeji wangu "bibi yangu anakuja kesho na basi", wakanitandikia kitanda cha chini, wakachemsha maji, wakatafuta uji, wakijua anakuja ajuza. Kashuka mke wangu. Walimpokea vizuri sana lakini tulieleweshana mpaka usiku.

Kwa hiyo FundiKadi, ukiandika "Bibi" kwa urefu kwenye kadi ya mtu wa huku ataona ni mke wa mtu, ukiandika kwa mtu wa Dodoma ataona umemwita mzee. "Bi." kwa ufupi ndiyo salama pande zote mbili.

Na juu ya majina ya waume, huku tuna kisa ambacho kila Mkenya anafaa kukijua. Profesa Wangari alipoachana na mumewe, talaka ya 1979, yule mume akataka aliache jina la Mathai. Mama alikuwa ameshajulikana duniani kwa jina hilo, ameshasoma nalo, ana shahada ya udaktari nalo. Akaongeza "a" moja, akawa Maathai. Na ndilo jina lililoandikwa kwenye tuzo ya Nobel ya amani 2004. Nikiwaza hiyo herufi moja huwa nahisi uchungu na fahari kwa pamoja. Mwanamke kubanwa mpaka aishi kwa herufi moja!

#5 BabaWawili_Mbeya

Naheshimu mawazo ya wote ila mi naona mnaenda mbali. Mke wangu anaitwa Misizi na jina langu la ukoo, kanisani, kazini kwake, kwenye vikoba, na sikumlazimisha hata siku moja. Siku ya harusi alipoitwa mara ya kwanza alilia kwa furaha. Kwake ile ni heshima, ni kwamba ana nyumba. Sasa mkianza kusema kadi ya jina la mume inamfuta mwanamke mnamvunjia yeye heshima yake aliyoichagua.

#6 FundiKadi_Moro

BabaWawili nimekuelewa na sikupingi, tena huyo mkeo nikipata kadi yake nitamwandika hivyohivyo kwa herufi nzito. Neno lako ni moja tu, "aliyoichagua". Yule mwalimu wangu hakuchagua. Aliyechagua ni katibu wa kamati ambaye alikuwa anaharakisha, na mimi niliyechapa.

Halafu ngoja niseme kitu nilichokiona baada ya kusoma komenti ya BintiNgambo. Hebu waangalieni wake wa marais wetu tunavyowaita. Mama Maria. Mama Sitti. Mama Salma. Mama Janeth. Zanzibar Mama Fatma, mke wa mzee Karume. Kenya Mama Ngina. Wote ni Mama na jina LAKE, hata jina la mume likifuata linafuata nyuma. Nchi nzima ilimheshimu Mwalimu Nyerere kuliko mtu yeyote lakini mkewe hatukumwita Mama Julius wala Mama Nyerere mitaani, ni Mama Maria. Kumbe tunajua kufanya vizuri, tunasahau tukishika karatasi.

#7 Nuru_ya_Alfajiri

Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo nimejiunga ili niandike hii. Itakuwa ndefu mnisamehe.

Nimeolewa miaka 12, sijajaliwa mtoto. Nyinyi mnaongelea jina la mume, mimi mume wangu wala jina lake halina shida na mimi. Shida yangu ni "mama nani".

Mkihamia mtaa mpya wa kupanga, siku ya kwanza pale bombani unaulizwa "karibu jirani, sisi tukuite mama nani?" Wanauliza kwa wema kabisa. Ni heshima, huwezi kumwita mwanamke mwenye nyumba yake kwa jina lake tupu kama mtoto, kwa hiyo wanatafuta mtoto wa kukuitia. Na mimi sina. Mtaa wa kwanza nilisema niiteni kwa jina langu, wakaona najidai. Mtaa wa pili jirani mmoja akaanza kuniita Mama Kijacho, akifikiri ananiombea dua, na watoto wote wa nyumba ile wakashika, "shikamoo Mama Kijacho", asubuhi na jioni, miaka 3. Kila nikiitika nilikuwa nahisi kama natoa hesabu mbele za watu. Mtaa wa tatu nilidanganya. Nilitaja jina la mtoto wa dada yangu, nikasema yuko kwa bibi yake kijijini, nikaitwa kwa jina lake mwaka mzima mpaka siku dada alipokuja na mtoto mwenyewe akamwita yeye mama mbele ya majirani. Tulihama mwezi ule.

Ninakoishi sasa kuna bibi mmoja mtu mzima wa Kilwa. Siku ya kwanza hakuniuliza mama nani. Aliniuliza "jina lako nani mwanangu?" nikamtajia, akasema basi wewe ni Bi fulani, akaita kwa sauti uani wote wasikie, "njooni mumjue Bi fulani". Na ikawa hivyo. Watoto wananiamkia hivyo, mwenye duka ananiandika hivyo kwenye daftari la madeni. Mawifi zangu hawakuwahi kuniita kwa heshima kama anavyoniita yule bibi ambaye si ndugu yangu.

Kwa hiyo nawaomba, msiulize "mama nani" kabla hamjauliza jina. Mwenye watoto atawaambia mwenyewe, tena kwa furaha.

#8 Konda_Mstaafu

Dada, au niseme Bi Nuru, nimesoma mara mbili. Hilo la mama nani nimeliuliza watu wengi sana maishani mwangu. Sikujua. Samahani kwa niaba ya wengi.

#9 Kisauni_Boy

Bi Nuru pole na ahsante. Sisi Waswahili, Wakikuyu, Waluo, karibu wote hapa tunaita mzazi kwa mtoto, na mtoto wa kwanza akifariki lile jina linabaki kwa mama kama kidonda. Shangazi yangu ameitwa kwa jina la marehemu mwanawe miaka 20, hakutaka libadilishwe, akasema ndipo pekee anapolisikia. Kwa hiyo hata hapo ni kumuuliza mwenyewe.

#10 Lushois_75

Bonjour wandugu. Mimi ni wa Lubumbashi, Kiswahili yetu iko tofauti kidogo, mutavumilia.

Huku mwanamuke yeyote mukubwa ni Mama na jina yake ya ubatizo, Mama Jeanne, Mama Béatrice, aolewe asiolewe, akuwe na watoto ao asikuwe nao. Bosi wa kazi ni Mama, muuza sokoni ni Mama, mubunge ni Mama. Mutu hakuulize "mama ya nani" ndipo akuheshimu. Na bibi kwetu pia ni muke, sawa na Kenya. Kwa karatasi ya serikali wanaandika Madame na jina ya bwana.

Tulipitia pia wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, ile siasa ya authenticité, ya kurudilia asili yetu, wakakataza Monsieur na Madame, watu wote wakaitwa citoyen na citoyenne, ni kusema raia mwanaume na raia mwanamuke, mukubwa kwa mudogo. Baba yangu alizoea mupaka uzee, alikuwa anaita mama yetu "citoyenne" pa meza, na sauti ya upendo. Amri ya serikali ilikuwa imekuwa jina ya nyumba.

#11 KatibuMuhtasi

Habari zenu wapendwa. Lushois umenikumbusha Ndugu. Huku kwetu baada ya Azimio la Arusha 1967 ndio lilishika kasi, Ndugu fulani, mwanaume Ndugu, mwanamke Ndugu, waziri Ndugu, mfagizi Ndugu. Kwenye CCM bado wanaitana hivyo na sisi maofisini "Ndg." bado tunaandika. Mimi binafsi nalipenda, halina ndoa wala jinsia, ila ukiandika kwenye kadi ya harusi linakaa kama barua ya kuitwa kujieleza kwa mkurugenzi.

Nimechapa barua miaka 18, naweza kukupa ninavyofanya. Kama ana cheo chake mwenyewe, cheo kinatangulia na ndoa inakaa pembeni. Mheshimiwa, Profesa, Dkt., Mhandisi, Wakili, Mwalimu, Mchungaji, Hajjati, hivyo amevipata kwa jasho lake au kwa ibada yake. Kosa ninaloliona kila siku ni mume na mke wote madaktari halafu inaandikwa "Dkt. & Bi.". Nilipokuwa ofisi moja sitaitaja, mama mmoja daktari bingwa aliandikiwa hivyo kwenye mwaliko wa kitaifa na yeye ndiye alikuwa anatoa mada. Inatakiwa "Dkt. fulani na Dkt. fulani", majina kamili yote mawili, nafasi ikiwa ndogo punguza maua ya pembeni.

Na kwa wale wa makanisani, mke wa mchungaji tunamwita Mama Mchungaji, ni cheo cha upendo kabisa, anabeba usharika mzima. Lakini sasa tuna wachungaji wenyewe wanawake, waliowekewa mikono, na bado waumini wanawaita Mama Mchungaji, na mgeni anauliza "na mchungaji mwenyewe yuko wapi?" Mchungaji mwenyewe amesimama hapo! Yeye aandikwe Mch. na jina lake, nukta.

#12 Mpemba_wa_Tandika

Naomba nami niulize FundiKadi. Mimi nina wake wawili. Kila msimu wa harusi inakuja kadi moja, DABO, Bw. & Bi. Sasa hiyo Bi ni yupi? Nikienda na bi mkubwa, bi mdogo ananuna, nikienda na bi mdogo, wa kwanza hasemi kitu lakini chakula kinanyamaza. Nimeshamrudishia mtu kadi kwa sababu hiyo na akaona nimekataa kuchanga.

#13 FundiKadi_Moro

Mpemba hilo ni zito na ni la kweli, nina wateja wengi wa hivyo. Nitakavyofanya kuanzia sasa, kila nyumba na kadi yake. Kadi ya Bi fulani yenye jina lake, kadi ya Bi fulani wa pili yenye jina lake, na wewe yako. Mchango mtajua wenyewe.

#14 Mwanza_Bremen

Wakuu salamu kutoka Ujerumani, niko Bremen miaka 14, nimeolewa huku. Niwape ya huku kwa ufupi. Zamani Wajerumani walikuwa na Fräulein kwa asiyeolewa na Frau kwa mke wa mtu. Mwanamke wa miaka 60 profesa asiyeolewa alikuwa Fräulein, yaani "kibibi kidogo". 1972 wizara yao ya mambo ya ndani, upande wa magharibi, ikaagiza ofisi ziache, kila mwanamke mtu mzima ni Frau. Leo ukimwita mtu Fräulein anakukasirikia. Ufaransa wamechelewa zaidi, mademoiselle, yaani ya asiyeolewa, imetolewa kwenye fomu za serikali 2012 tu. Na Marekani wanawake walipigania ile Ms. mpaka gazeti la New York Times likakubali kuitumia 1986, miaka mingi baada ya watu kuizoea.

Ninachotaka kusema, wenzetu wamehangaika miaka na miaka kutafuta neno moja lisilouliza ndoa, na sisi tunalo. Bi. ipo. Inaniuma nikirudi likizo Mwanza naona vijana wanaiacha wanakimbilia Mrs ambayo wenyewe wanaikimbia.

Na dada zangu mliopo humu mnaoolewa nje, kuweni makini kubadilisha jina. Mimi nilibadilisha kwa mapenzi, paspoti ikawa na jina moja, vyeti vya shule jina lingine, cheti cha kuzaliwa lingine, nimezunguka na viapo vya mahakamani miaka 2 kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Mume wangu hakuzunguka hata siku moja.

#15 BintiNgambo

Mwanza_Bremen wallahi umesema. Hata wa kwetu aliondoka hivyo, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, Bibi Salme wa jumbani. Akaenda Ujerumani na mumewe 1867, kabatizwa njiani Aden, akashuka kule anaitwa Emily Ruete. Huku mpaka leo ukiuliza watu Emily ni nani watakutazama, ukisema Bibi Salme mtoto wa skuli anakujibu.

#16 BabaWawili_Mbeya

Jana usiku nimemsomea mke wangu uzi huu wote. Alikaa kimya halafu akasema Misizi naipenda, ila kwenye cheti changu cha ukunga nataka libaki jina la baba yangu, na hujawahi kuniuliza. Miaka 8. Kweli sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naona ni kitu kimoja.

Ya Bi Nuru ameilia.

#17 KatibuMuhtasi

FundiKadi tupe mrejesho basi, kadi ya mwalimu iliishaje? Na ya mama mjane?

#18 FundiKadi_Moro

Mrejesho wakuu, nilikuwa nimebanwa.

Ya mwalimu nimechapa upya kwa gharama yangu, "Mwl." halafu majina yake matatu, mstari wa chini "na mwenza wake". Nilimpelekea shuleni mwenyewe. Kaisoma, kaitia kwenye mkoba, kaniambia "ahsante mwanangu, sasa nitachanga", akarudi darasani.

Muhuri wa SINGO na DABO nimeutupa. Nimechongesha mwingine unaosema MTU 1 na WATU 2. Kamati ya mwezi ujao wamelalamika kwamba haujazoeleka, nikawaambia mlangoni utahesabu watu vilevile. Mama mjane nimempelekea WATU 2 kwa ruhusa ya mwenyekiti, binti yake kasema ataenda na dada yake.

Halafu nimefanya kitu ambacho sikuwahi. Nilimwomba katibu namba za simu za wale wote walioandikwa Bw. & Bi., walikuwa 63, nikashinda siku mbili napiga. Shikamoo mama, naitwa fundi wa kadi, naomba kujua wewe kwenye kadi tukuandikeje. Wengine walidhani ni matapeli wakakata. Waliopokea, 19 walitaka jina lao litokee pamoja na la mume. Wengi walisema iache tu kama ilivyo, nikaacha. Wawili walitaka Hajjati. Mmoja alisema "niandike jina langu peke yangu, tumeachana tangu Januari, kamati hawajui", nikamwandika na sikumwambia mtu.

Na kulikuwa na mama mmoja wa Mvomero, mimi nilishakuwa na msimamo wangu wa Bi. na jina lake, nikamshawishi kabisa, nikamwambia mama siku hizi tunaandika jina lako mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwanangu, jina langu la kuzaliwa nililipewa na baba aliyetukimbia nikiwa na miaka 4, sijawahi kulipenda. Mimi naitwa Mama Baraka. Niandike Mama Baraka, na mume wangu mwandike Baba Baraka, hapo ndipo tutakuja.

Nimeandika hivyohivyo. Zimetoka leo mchana.